Biskuti za mbwa za dagaa na viazi vitamu, na jinsi ya kuzikausha zisiote ukungu

Kwa sisi tunaokaa Dar shida ya biskuti za mbwa sio kuoka, ni kukausha. Kuoka kila mtu anaweza, yani kama umewahi kukanda unga wa visheti hapa huna cha kuogopa, ila mara ya kwanza mi nilizitoa kwenye oveni laini zinanukia nikazifungia kwenye kopo la maziwa ya unga zikiwa bado na uvuguvugu, siku ya tatu nafungua nimpe mbwa wangu Bosi nakuta zimeota manyoya ya kijani. Kopo zima jalalani. Alafu usije ukasema ah si mbwa tu, atakula, maana ukungu ndo unaomuua mbwa kimyakimya, nitalirudia hilo.

Unahitaji viazi vitamu viwili vya wastani (vile vya njano ndani, viazi lishe, vinafaa zaidi lakini hata vyeupe poa), dagaa wakavu kikombe kimoja, unga wa ngano vikombe viwili, na yai moja. Basi. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna hamira wala bekingi pauda, hatutaki zivimbe.

Kazi iko kwenye dagaa. Hawa wa Mwanza wengi wanaanikwa chini kwenye mchanga, kwahiyo waoshe na maji ya uvuguvugu mara tatu nne, kila ukimwaga pitisha kidole chini ya bakuli, ukisikia chengachenga rudia. Wa Kigoma wana mchanga kidogo ila bei yake unaijua mwenyewe. Wale wa baharini waliochemshwa na chumvi ndo wakaanikwa mi siwatumii kabisa. Wakishatakata wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, geuza geuza kama dakika tano mpaka ukimshika mmoja anavunjika, ndo uwasage kwenye blenda au uwatwange kwenye kinu. Kichwa usihangaike kutoa, uchungu ule unatusumbua sisi tu.

Viazi vichemshe, menya, ponda vikiwa vya moto visibaki na mabonge. Vikipoa changanya na unga wa dagaa na yai, alafu ongeza unga wa ngano kidogokidogo huku unakanda. Donge linatakiwa liwe gumu kuliko la chapati, lisishike mkononi. Kama kiazi chako kilikuwa na maji mengi utaongeza unga nusu kikombe, sio kosa lako ni la kiazi.

Sukuma mpaka unene wa nusu sentimita. Mi nilianza kukata viduara kwa kizibo cha soda, vinapendeza kweli, ila kufika cha arobaini nikaona huu ni utumwa, siku hizi nakata kwa kisu kama visheti tu na Bosi hajawahi kulalamika. Vidogo ni bora kuliko vikubwa, mbwa anahesabu mara ulizompa, hahesabu saizi.

Oveni nyuzi 180 kwa dakika 25, mpaka pembeni ziwe kahawia. Hapa ndo nilipokosea mara ya kwanza, nilidhani nimemaliza. Sasa shusha moto mpaka kama 110, zigeuze, ziache dakika 40 au hata saa zima, alafu zima oveni na uziache humohumo mpaka asubuhi. Kipimo chake ni hiki: chukua moja iliyopoa, vunja. Ikilia ka! imekauka, ikijikunja kama chapati rudisha motoni.

Kama huna oveni tumia jiko la mkaa, sufuria kubwa na mchanga safi chini, sinia juu ya mchanga, funika na upalie makaa juu ya mfuniko kama unavyooka keki. Makaa machache ila, na ya juu yazidi ya chini kidogo la sivyo chini zitaungua. Za mkaa mara nyingi namalizia kwa kuzianika juani mchana mzima chini ya chandarua cha nzi, na paka wa jirani umwangalie.

(Sinia la kazi hii nimelinunua la peke yake. Shangazi alisema wazi kwamba hali maandazi kwenye nyumba inayochanganya vyombo vya watu na vya mbwa, na kweli hajakosea.)

Vya kutotia hata kwa bahati mbaya: kitunguu maji na kitunguu saumu, kwahiyo na supu iliyobaki jana pia hapana, chokoleti na kakao, zabibu mbichi au kavu, kungumanga, na vitu vya "bila sukari" vyenye zailitoli (kwenye lebo huandikwa xylitol, ni kitu cha kutia utamu badala ya sukari), ambayo mbwa inamshusha sukari ya damu ndani ya muda mfupi. Siagi ya karanga ya kutoka nje soma lebo kwanza, isije ikawa na hiyo zailitoli. Na karanga zetu chagua moja moja, iliyosinyaa au yenye ukungu tupa, hiyo ndo yenye sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, ileile iliyoua watu kwa mahindi kule Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake haliihimili kabisa. Unga wa mahindi uliovunda usimpe kwa namna yoyote, wala ugali wake.

Ukitaka kubadilisha, toa dagaa weka maini ya kuku robo kilo yaliyochemshwa na kusagwa, ila hayo yana maji kwahiyo muda wa kukausha uongeze. Na yasiwe ya kila siku, vitamini A ikizidi nayo ni tatizo.

Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hivi anatosha vipande vitano sita kwa siku, hizi ni za kumzawadia, zisizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula. Siku ya kwanza mpe kimoja uone tumbo lake linasemaje.

Kwenye kopo kavu zinakaa wiki mbili, zaidi ya hapo weka friza. Ukizitoa friza usifungue kopo hapohapo, liache mezani mpaka lipoteze ubaridi wote, maana zikikutana na joto letu hili zinatoa jasho na kazi yako yote ya usiku inarudi kuwa chapati.