Kabla ya Kuchora Handaki: Namna ya Kupanga Kigonganishi cha Chembe kwa Vipimo Sahihi

Wanafunzi wa fizikia ninaowasimamia hapa Kampala, wakiagizwa kuandika rasimu ya kigonganishi cha chembe, huanza na urefu wa handaki. Mimi huwarudisha kwenye swali la kosa: andika kwanza unataka kupima nini, na kwa kosa dogo kiasi gani, kisha uache kipimo hicho kikuchagulie mtambo.

Tuchukue bosoni ya Higgs, chembe inayohusiana na jinsi chembe nyingine zinavyopata masi, iliyogunduliwa mwaka 2012 kwa kugonganisha protoni. Protoni ni kama gunia la maharage: magunia mawili yakigongana, hujui ni punje ipi iliyogonga ipi, wala kwa nguvu gani. Elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) hazijaonekana kuwa na kitu ndani yake, hivyo nishati ya mgongano hujulikana tangu mwanzo. Ipange nishati ya jumla iwe GeV 240 (GeV ni kizio cha nishati ya chembe), ambapo Higgs huzaliwa pamoja na chembe nyingine nzito, bosoni ya Z. Pima miuoni mbili (chembe kama elektroni lakini nzito zaidi) zitokazo kwenye Z inapovunjika, toa nishati na momenta zake katika jumla, na masi inayobaki ni ya Higgs, hata kama hukuona ilivyovunjika.

Sasa chagua umbo. Elektroni ikipindishwa na sumaku hutoa mnururisho, na katika pete ileile, nishati ikiongezwa mara mbili, upotevu kwa kila mzunguko huwa mara 16. Pete ikiwa kubwa, chembe hupindishwa kidogo na upotevu hupungua. Ndiyo maana FCC, kigonganishi kipya kinachopendekezwa huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kina mzingo wa kilomita 91 hivi, yaani kipenyo cha kilomita 29, pungufu ya barabara ya Kampala hadi Entebbe. Hata hivyo mihimili yake miwili ya chembe imepangiwa kupoteza megawati 100, sawa na uwezo wa mtambo mmoja kati ya sita ya bwawa la umeme la Karuma, Uganda. Njia iliyonyooka huepuka hasara hiyo, ila kila kundi la chembe hupata nafasi moja tu ya kugongana.

Mwisho, tenga fedha za kuipima nishati yenyewe, jambo ambalo rasimu nyingi ninazosoma hulisahau. Kupunguza kosa la kubahatisha mara 10 kunahitaji migongano mara 100, lakini migongano hata ingekuwa trilioni haiondoi kosa la kipimo kilichopinda, yaani kinachokosea upande uleule kila mara. Katika LEP, kigonganishi cha zamani cha elektroni na pozitroni cha CERN chenye pete ya kilomita 27, mvuto wa mwezi ulibadilisha mzingo kwa takriban milimita 1 na nishati ikayumba. Umeme uliovuja kutoka reli ya treni iliyo jirani nao ukasumbua sumaku. Basi katika rasimu yako orodhesha reli, ziwa na nyaya za umeme zilizo karibu, na mbele ya kila kimoja uandike kipimo kitakachokifuatilia usiku na mchana.