Kabla Rubani Hajaandika Barua ya Kuacha Kazi

Ikiwa unafikiria kuacha kazi ya urubani katika shirika la ndege, anza kwa kutenganisha uchovu wa ratiba na kuchoka kurusha ndege kwenyewe, kwa maana dawa zake ni tofauti. Kama kinachokuumiza ni kuamka saa tisa usiku na kulala hotelini huku wanao wakikua bila wewe, huenda kazi ya ukufunzi, au ya ukaguzi wa usalama katika mamlaka ya usafiri wa anga kama TCAA ya Tanzania au KCAA ya Kenya, ikakutosha bila kuipa kisogo taaluma iliyokugharimu mamilioni.

Jambo linalosahaulika mno, nami nalisisitiza kwa dhati, ni kwamba sifa za rubani hupungua nguvu zisipotumika. Kwa viwango vya kimataifa, rubani anayebeba abiria anapaswa awe amepaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90 zilizopita, kwa ndege ya aina hiyo au kwa mashine ya mafunzo iliyoidhinishwa, na cheti cha afya cha daraja la kwanza nacho kina muda wake. Kwa hiyo omba kwanza likizo bila malipo, kisha ijaribu kazi mpya ukiwa bado na pa kurudi.

Usome pia mkataba wako wa mafunzo, kwani anayeondoka mapema anaweza kudaiwa gharama zake. Mwenzi wako azione hesabu hizo kabla hujaitia saini barua ya kuacha kazi.