Namna ya Kusoma Utumwa katika Fasihi, Uliotajwa na Uliofichwa

Kabla hujaanza kuchambua, tenganisha miaka miwili: ule ambamo hadithi inatokea na ule ambamo kitabu kilichapishwa, kisha uulize sheria ilisemaje kuhusu utumwa katika kila mmoja. Mansfield Park ya Jane Austen ilichapishwa mwaka 1814, yaani baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini kabla ya sheria ya kuufuta utumwa wenyewe katika makoloni yake kuanza kutumika mwaka 1834.

Ukishajua hayo, fuata fedha. Katika riwaya hiyo, Sir Thomas Bertram anasafiri hadi Antigua, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Uingereza lenye mashamba ya watumwa, kushughulikia mali yake, lakini msomaji hapelekwi huko hata mara moja. Fanny, mpwa wa mkewe, anamwuliza kuhusu biashara ya watumwa, ila swali lenyewe hatulisikii likiulizwa. Tunalipata baadaye, Fanny anapozungumza na binamu yake Edmund na kueleza ukimya mzito uliofuata. Wahakiki wamebishana sana juu ya ukimya huo, na wewe usikimbilie kutoa hukumu. Eleza kwanza nani alinyamaza, na ukumbuke kwamba Edmund alitamani maswali yaendelee.

Kwa maoni yangu, anayetaka kujizoeza kuuona utumwa usiotajwa aisome Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994), inayopatikana kwa Kiswahili kama Peponi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Hakuna mnada wala mnyororo. Anayemfumbua macho kwamba yule si ami yake ni Khalil, kijana aliyefika katika duka la Aziz kwa njia hiyohiyo. Katika kazi ya namna hii, andika pembeni ya ukurasa nani yuko huru kuondoka, nani anashika hesabu ya deni, na kwa nini mlango ukiwa wazi bado mtu habanduki.

Masimulizi ya waliokuwa watumwa yanadai uangalifu wa aina nyingine, kwa sababu pengo ndani yake huenda limeachwa makusudi. Frederick Douglass, katika kitabu chake cha mwaka 1845, alikataa kueleza jinsi alivyotoroka, asije akawafungia njia waliobaki nyuma.

Mwisho, chunguza ukombozi unasimuliwaje. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela ilitoka mwaka 1934, chini ya ukoloni, nayo inawasifu Waingereza kwa wema wao. Usiishie kuikosoa kwa sifa hizo. Chukua sentensi moja moja inayohusu uhuru, upigie mstari mtenda, kisha utazame waliokuwa watumwa wamepewa vitenzi gani.