Kamera ya kupanda nayo mlima: ubebe nini, uache nini nyumbani

Watu wakiniuliza wabebe kamera gani Kilimanjaro au Meru mi naanza na swali lingine, ina kilo ngapi? Chukua vitu vyako vyote, kamera, lenzi, chaja, tripodi, mpaka kile kibegi chake, tia kwenye kiroba kimoja halafu nenda dukani kwa mangi muombe akupimie kwenye mzani wake wa sukari. Ikizidi kilo mbili rudi nyumbani ukapunguze, hata kama una mwili wa mwanajeshi, maana mlimani kilo ya asubuhi na kilo ya saa tisa mchana sio kilo moja.

Mara ya kwanza napanda kwa njia ya Machame nilibeba Canon 80D, yenyewe na betri ni gramu 730, nikaongeza lenzi kubwa ya kuvuta mbali, 70-200 f/2.8, ambayo peke yake inakaribia kilo moja na nusu, 24-70 ya gramu 800 na tripodi ya chuma, jumla kilo tano hivi. Siku ya kwanza msituni kamera ilikuwa shingoni. Siku ya pili ikahamia kwenye begi. Siku ya tatu tuko Lava Tower, mita kama 4,600, kichwa kinagonga, mara ukungu ukafunguka dakika mbili tu Kibo yote, kile kilele kikuu, ikatokea nyeupe juu yetu, na kamera iko chini kabisa ya begi, juu yake koti la mvua, juu ya koti chupa za maji. Nikaanza kutoa kimoja kimoja. Namaliza kuwasha, ukungu umeshafunga. Sikuiona tena Kibo vile safari nzima.

Kwa hiyo kipimo changu sasa hivi ni hiki: kama huwezi kuitoa kamera na kuirudisha kwa mkono mmoja huku unatembea, hiyo kamera ni kubwa kwa mlima. Megapikseli utazihesabu ukishashuka.

Na usijipe moyo kwamba mgumu atabeba. Wagumu, yaani wapagazi wetu, mzigo wao unapimwa kwenye mzani getini na mwisho ni kilo 20, na humo kuna hema lako na chakula chako. Tripodi ya kilo mbili unayoongeza inakaa kwenye shingo ya mtu ambaye yeye hatapiga nayo picha hata moja, hilo nakuomba ulifikirie. Halafu kuna jambo la kawaida tu, mgumu anakupita asubuhi na unamkuta kambini jioni, kwa hiyo lenzi iliyoko kwenye begi kubwa njia nzima huna. Kitu cha kupigia picha njiani lazima kiwe mgongoni kwako, pamoja na maji lita tatu ambayo nayo ni kilo tatu.

Tuje kwenye kamera yenyewe. Kama una simu nzuri ya miaka ya karibuni na unachotaka ni picha ya kileleni na za kuwaonyesha nyumbani, simu inatosha kabisa, tafuta pawabenki ya 10,000 mAh na kamba ya kuifunga simu mkononi isidondoke basi. Simu inashindwa pale unapomtaka mbega aliyekaa juu ya mti mbali, na usiku wa nyota inajitahidi lakini haifiki.

Ukitaka kamera, tafuta mirolesi ndogo, yaani kamera isiyo na kioo ndani, yenye sensa (kile kipande kinachonasa picha) ya saizi ya APS-C. Canon R50 ni gramu 375, Fujifilm X-T30 ni 383, Sony a6400 ni 403, zote unaweza kutembea nazo kifuani siku nzima. Ful-fremu, zenye sensa kubwa zaidi, nzuri sana, sikatai, ila kinachokuumiza sio bodi yake, ni lenzi zake, na kama hauchapishi picha za kubandika ukutani hotelini tofauti hutaiona.

Mfuko ukiwa mdogo usihuzunike, tafuta Canon 200D ya mtumba, gramu 453, na 18-55 yake ya gramu 215. Kwanza ina faida yake, ukichungulia kwenye kitundu badala ya kutumia skrini betri inakaa sana kuliko mirolesi, na mlimani betri ndo kila kitu, nitafika huko. Ukienda kununua ya mtumba Kariakoo au popote nenda na tochi. Toa lenzi, mulika kwa nyuma, angalia ndani upande wa pili. Ukiona vinyuzi vyeupe vyembamba kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, na lenzi zilizokaa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa kwenye joto na unyevu zinapata sana, muuzaji atakwambia ni vumbi linafutika, halifutiki, iache. Fungua kifuniko cha betri uangalie kama kuna kutu kwenye vile vyuma, piga picha ya ukuta mweupe uone kama kuna madoa, basi.

Lenzi beba moja. Najua inauma. Beba zumu moja inayoanzia pana mpaka mbali kidogo, mfano 18-135, ile ya Sony ni gramu 325 tu, halafu usiitoe kwenye kamera mpaka ushuke. Sababu ni vumbi. Ukitoka kambi ya Horombo kwenda kambi ya Kibo unapita pale kwenye tandiko, uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, jangwa tupu, upepo unapeperusha vumbi laini la volkano linaingia mpaka kwenye meno, ukifungua kamera pale ubadilishe lenzi lile vumbi linakaa kwenye sensa na kila picha ya anga ya bluu mpaka kileleni itakuwa na madoadoa.

Lenzi ya mbali, kama 55-250 ya gramu 375, hiyo ni ya Meru zaidi. Kule siku ya kwanza unaanzia Momella unatembea na askari mwenye bunduki, kuna nyati na twiga kweli kweli, utaitumia. Kilimanjaro wanyama wengi unawaacha msituni siku ya kwanza, baada ya hapo unabeba uzito tu.

Na vitu vya karibu usivisahau kwa sababu ya kutamani milima. Kwenye ule msitu wa chini, kandokando ya njia penye unyevu, kuna ua dogo linaitwa Impatiens kilimanjari, dunia nzima linaota Kilimanjaro tu. Ni jekundu na njano, kubwa kama ncha ya kidole, kwa nyuma lina kijimkia kilichopinda, na mara nyingi limeshika tone la maji. Watu wanalipita mbio kwa sababu wanawaza theluji. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo, haihitajiki, ile 18-55 ya kawaida inafokasi sentimita 25, piga goti, vuta mpaka 55, shika pumzi, piga.

Sasa betri. Hapa ndo naomba usome taratibu, kwa sababu watu wanatumia milioni kwenye kamera halafu wanakosa picha ya kileleni kwa kitu cha elfu hamsini.

Usiku wa kupanda kileleni mnatoka kambi ya Barafu au ya Kibo kwenye saa sita usiku na mnatembea gizani mpaka jua linapotoka, baridi inashuka chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi na upepo juu. Betri ya lithiamu ikipata baridi ile umeme wake unagoma kutoka, kamera inasoma sifuri wakati uliichaji ikajaa. Mi ilinizimikia Stella Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,756, jua ndo linachomoza nyuma ya Mawenzi. Kiongozi wangu wa mlima akaniambia, "Kaka, hiyo haijafa, imelala. Itoe, weka kifuani, twende polepole." Nikaitia ndani ya fulana upande wa mbavu. Kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikairudisha, ikanipa picha kama ishirini hivi kabla haijazima tena. Tangu siku hiyo nabeba tatu, moja ndani ya kamera na mbili ndani ya soksi ya sufu kwenye mfuko wa ndani kabisa unaogusa mwili, na inayozima inabadilishana na ya kwenye soksi, hakuna betri inayotupwa kwenye begi. Usiku zote nalala nazo kwenye slipingi begi, pamoja na simu.

Lakini kamera yenyewe usiifiche ndani ya koti. Mwili unatoa jasho, lenzi inashika mvuke, ukiitoa nje ule mvuke unaganda palepale na huwezi kufuta barafu ya kwenye kioo kwa kidole. Betri ndani, kamera nje, kumbuka hivyo. Ukirudi kwenye hema au kibanda chenye joto pia ni hivyohivyo, ifungie kwenye drai begi, mfuko usiopitisha maji, ukiwa bado nje, ingia nayo, iache humo lisaa lizima ipate joto taratibu ndo ufungue.

Pawabenki ya 20,000 mAh inatosha Marangu ya siku tano au sita na hata Machame ya siku saba, ukizima Wi-Fi na Bluetooth ya kamera na ukaiweka simu kwenye hali ya ndege, maana simu inayotafuta mtandao porini inajimaliza yenyewe. Usitegemee kuchaji kambini. Na ukiwa unakuja kwa ndege, kutoka Dar au Muscat au kokote, pawabenki unaingia nayo mkononi, haikai kwenye begi la kupakiwa, na iwe chini ya 100 Wh, hiyo ya 20,000 ni 74 Wh haina shida. Betri za bei ya kutupa zenye namba kubwa kuliko ya orijino ziache, kwenye baridi zinakuwa za kwanza kuzima.

Kabla hujaondoka fanya jaribio moja nyumbani. Vaa glavu zako nene, zima taa, vaa tochi ya kichwani, halafu washa kamera, badilisha betri, piga picha moja. Ukishindwa chumbani kwako, huko juu ambako vidole havina hisia hutaweza. Vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene, na kama vitufe vya kamera ni vidogo mno usiinunue, ndo maana nakwambia uende dukani na glavu.

Namna ya kubeba: mkanda wa shingoni mrefu unaning'inia na kupigapiga, na ukifika ukuta wa Barranco ambapo unapanda kwa mikono miwili kamera itagonga mwamba. Mi nilimpelekea fundi wa mabegi kipande cha turubai na sponji akanishonea kifuko chenye zipu kinachofungwa kwenye mikanda miwili ya begi, kinakaa kifuani, mkono mmoja unatoa na kurudisha. Ndani naweka kipande cha kanga kuukuu, inafuta maji kuliko vile vitambaa vidogo vya lenzi, inafunika kamera mvua ikianza, na msituni mvua inanyesha hata nje ya masika.

Tripodi acha, labda kama unafuata nyota. Kwa picha nyingine zote weka kamera juu ya begi au jiwe, tega sekunde mbili, imetosha. Kwa nyota beba kale kadogo ka nusu kilo, angalia kalenda usiende wakati wa mbalamwezi, anza na namba ya f iliyo ndogo kabisa kwenye lenzi yako, ISO 3200, sekunde 20, halafu rekebisha.

Filta moja tu, polaraiza, kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, inakusaidia anga na majani yenye maji. Droni hapana, hifadhini huirushi bila kibali, itakuletea matatizo bure.

Kitu kingine kinachosahaulika ni fleshi. Kileleni nyuma yako kuna barafu inang'aa na jua, kamera inapima ile nyeupe, sura zetu weusi zinatoka kivuli kitupu, macho hayaonekani. Nimeona picha nyingi za watu waliopanda siku saba na mwisho wake humtambui nani ni nani. Ongeza mwanga stepu moja mpaka moja na nusu (+1 mpaka +1.5 kwenye kamera), au tumia fleshi ndogo, ile 200D inayo juu yake tayari, washa hata kama ni mchana.

Lushoto na Usambara ni habari nyingine, unalala kwenye nyumba, unachaji kila siku, unatembea masaa machache kufika pale pa kutazamia Irente, hapo beba ukipendacho, ila msitu wa Magamba una giza kwa hiyo ongeza lenzi ya 50mm f/1.8, ile ya Canon ni gramu 160 tu. Na watu wa kijijini salimia kwanza, shikamoo bibi, omba, ndo utoe kamera.

Mi sasa napanda na a6400, 18-135, betri tatu, pawabenki, polaraiza, katripodi kadogo na kadi mbili za GB 64, mzani wa mangi haufiki kilo mbili. Wewe ukishachagua vyako, wiki mbili kabla nenda navyo kutwa moja, Materuni mpaka kwenye maporomoko au Marangu mpaka kambi ya Mandara urudi, begi likiwa na maji na koti kama siku yenyewe. Kitu ambacho hukukitoa hata mara moja siku hiyo kiache nyumbani.