Chumba cha katikati, deki ya chini

Kama unamwekea mzee nafasi kwenye safari ya meli ndogo ya baharini usikimbilie chumba cha juu chenye kibaraza, omba cha katikati ya meli, deki (yaani ghorofa za meli) za chini. Meli ikipigwa na mawimbi inapanda na kushuka kama mbao ya bembea, wa mwishoni ndo anarushwa, wa katikati anatikisika kidogo tu, na ukipanda juu kuyumba kwa pembeni kunazidi. Ila meli ndogo nyingi hazina lifti, sasa kama magoti yanamsumbua ngazi zitamtesa kuliko mawimbi, hapo bora katikati kwenye deki yenye ukumbi wa chakula. Na angalia ramani ya deki injini iko wapi, ule mngurumo usiku ni balaa. Safari za mtoni wala usihangaike, maji yametulia.