Jinsi ya kufuatilia mkono wa washawishi katika sheria za bangi ya tiba Marekani

Wengi huanza na pesa: nani kamchangia nani. Ukianzia hapo utazama, maana karibu kila mbunge kapokea cha mtu. Anza na muswada. Uchapishe, shika kalamu, uweke alama kwenye kila kifungu kinachofunga mlango: idadi ya leseni, kiwango cha chini cha mtaji, sharti la kampuni moja kulima, kusindika na kuuza, nani anaruhusiwa kupima sampuli. Pembeni ya kila kifungu andika swali moja: nani anatimiza sharti hili leo hii?

Ohio mwaka 2015 jibu lilikuwa ndani ya maandishi yenyewe. Pendekezo la kuhalalisha bangi lililoitwa Issue 3 lilitaja maeneo 10 ya kilimo cha kibiashara, na maeneo hayo yalikuwa mikononi mwa wawekezaji waliogharamia kampeni. Wapiga kura wakalikataa. Ni nadra kukuta jambo wazi kiasi hicho. Kwa kawaida unakuta tarakimu iliyobadilika kimyakimya, kwa hiyo tafuta matoleo yote ya muswada, uyalinganishe mstari kwa mstari, na uandike siku ambayo, tuseme, leseni 30 ziligeuka 12. Siku hiyo ndiyo nanga ya kazi yote inayofuata.

Sasa nenda kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi watunga sheria. Sheria za bangi ya tiba hutungwa na majimbo, California ikiwa ya kwanza mwaka 1996, hivyo daftari la washawishi la jimbo husika ndilo la kufungua mwanzo. Ripoti za serikali kuu hazionyeshi ushawishi uliofanyika kwenye mabunge ya majimbo. Hapa ndipo wanaoanza hukwama, wakadhani hakuna kilichotokea.

Ukifika ngazi ya taifa, fomu unayoitaka ni LD-2, ripoti ya washawishi kwa Kongresi. Huwasilishwa kila robo mwaka, mwisho tarehe 20 Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Isome kwa tahadhari. Kiasi cha pesa hukadiriwa kwa makumi elfu ya dola, na kikiwa chini ya dola 5,000 hakiandikwi, huwekwa alama tu. Fomu inataja Seneti, Baraza la Wawakilishi au wizara, lakini haimtaji mbunge aliyeonwa. Na usitafute neno "marijuana" peke yake: tafuta pia "cannabis", "hemp", "280E" (kifungu cha kodi kilichotumika kuwanyima wafanyabiashara wa bangi makato ya gharama) na "SAFE Banking" (muswada wa kuzilinda benki zinazohudumia biashara za bangi). Ripoti nyingi za bangi zimejificha chini ya kodi na benki.

Upande wa mali za wabunge, sheria ya STOCK ya mwaka 2012 inawataka wabunge wa Kongresi kutangaza ununuzi au uuzaji wa hisa unaozidi dola 1,000 ndani ya siku 45 tangu muamala ufanyike. Kwa hiyo ukiangalia wiki ya kura peke yake utakosa. Subiri hizo siku 45 zipite ndipo ufungue faili. Kiasi hutolewa kwa mafungu, la chini likiwa dola 1,001 hadi 15,000. Kwenye fomu za Baraza la Wawakilishi, herufi SP pembeni ya mstari ni mali ya mwenzi wa ndoa, DC ya mtoto tegemezi. Mtoto mtu mzima hayumo, na kaka hayumo. Kwa wabunge wa majimbo kanuni hutofautiana, na wengi wana kazi nyingine: wakili, daktari, mkulima. Huko mgongano wa maslahi huanzia kwenye kazi kabla ya hisa.

Majina ndiyo yanayochosha. Duka lina jina moja, kampuni yenye leseni jingine, kampuni mama la tatu. Chukua jina lililo kwenye leseni, ulifuatilie kwenye msajili wa kampuni wa jimbo. Kampuni kubwa nyingi za bangi za Marekani zimeorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Kanada, kwa hiyo taarifa za wanahisa zitafute huko pia.

Usiwafumbie macho wapinzani wa bangi. Mwaka 2016 Insys Therapeutics, kampuni ya dawa, ilitoa dola 500,000 kupinga kura ya kuhalalisha bangi ya starehe Arizona, mwaka uleule dawa yake yenye THC (kemikali ya bangi inayolevya) ya kutengenezwa maabara ilipoidhinishwa.

Yote haya uyaweke kwenye jedwali moja lenye safu nne: tarehe, mhusika, tukio, hati. Mstari usio na hati ufute. Mchango uliotangulia kura bado si hongo, na jedwali safi halimtakasi mtu. Rick Johnson, spika wa zamani wa Michigan aliyeongoza bodi ya leseni za bangi ya tiba, alikiri mwaka 2023 kupokea hongo ya zaidi ya dola 110,000, akahukumiwa kifungo cha miezi 55. Mkono mtupu haulambwi, lakini anayeulamba hajazi fomu.

Kabla ya kuchapisha, mpelekee kila uliyemtaja mistari inayomhusu kwa maandishi, umpe angalau siku tano za kazi. Akikanusha kwa hati, rekebisha jedwali kwanza, habari baadaye.