Mtoto kavunjika mkono na tiketi za Disney zishalipwa: mambo ya kuangalia kabla hamjatoka nyumbani

Wiki tatu kabla ya safari yetu ya Disney kule Orlando, Florida, kijana wangu wa miaka 7 akadondoka kwenye vile vyuma vya kuning'inia vya uwanja wa shule. Mkono wa kulia, mfupa wa karibu na kiganja, akarudi nyumbani na hogo, yani plasta, la kijani mpaka chini ya kiwiko. Sisi tunakaa Atlanta, tiketi zishalipwa, hoteli ishalipwa, na mdogo wake kila asubuhi anakata siku moja kwenye kalenda ya jikoni. Bibi yao yuko Tanga, alivyoonyeshwa ule mkono kwenye simu akauliza swali moja tu, "yani mtoto kavunjika ndo mnampeleka kwenye mabembea?" Nikabaki nachekacheka sina jibu. Sa hivi tumeenda na tumerudi, jibu ninalo, ila ni refu.

Kwanza daktari wa mifupa, na hapa wazazi wengi tunakosea swali. Ukimuuliza "anaweza kusafiri?" atakwambia anaweza, maana kusafiri ni kukaa kwenye gari. Muulize kimoja kimoja: rola kosta je, gari linalorukaruka kwenye mashimo je, vile vikombe vya kuzunguka je, kukimbia kwenye umati je. Kuna mfupa uliobonyea tu bila kukatika, kwa watoto hiyo ni kawaida sana kwa sababu mifupa yao bado ni laini, na kuna mfupa uliohama ukavutwa kurudishwa mahali pake au ukawekewa pini. Watoto hao wawili unaweza kuwakuta wamefungwa plasta ya rangi moja kabisa lakini ruhusa zao ni mbingu na ardhi, kwa hiyo usichukue ushauri wa mama wa mwenzake shuleni, hata huu wangu uchuje. Wetu aliambiwa hivi: chochote kinachomtikisa kwa nguvu au kinachoweza kumwangusha juu ya ule mkono hapana, vingine vyote kadiri anavyojisikia. Na kama ajali ndo ya juzi, jamani ahirisheni, siku mbili tatu za mwanzo mkono unavimba na kazi yake ni kupumzishwa juu ya mto. Mnaosafiri kwa ndege piga simu shirika lenu mapema, mengi hayamchukui mtu aliyefungwa plasta mpaka yapite masaa 24 kwa safari fupi na 48 kwa safari ndefu, na wengine wanataka plasta iwe imepasuliwa pembeni ili mkono upate nafasi ukivimba huko juu.

Kuhusu kuahirisha, tiketi za Disney hela hairudishwi lakini kama hujaanza kuzitumia kwa kawaida unaweza kusogeza tarehe, ukakuta bei imepanda unaongezea tofauti. Ulizeni hilo kabla tarehe haijapita, hoteli nayo hivyohivyo.

Sasa kitu ambacho mimi nakiona ndo kikubwa kuliko vyote: kilio kifanyike nyumbani. Hili nimelipia. Wiki moja kabla ya Orlando tukasema tumjaribishe kwenye kiwanja kimoja kidogo cha vyombo vya kupanda huku tunakoishi, tukapanga foleni karibu saa zima juani, tumefika mbele kabisa, mtoto kashaweka mguu kwenye ngazi, kijana wa pale akaangalia ile plasta akatikisa kichwa. Chombo kile kinataka ushike kwa mikono miwili. Mwanangu alilia mpaka kwikwi, na mimi nikaanza kubishana kama mtu asiye na akili zake, wakati yule kijana alikuwa sahihi kabisa na sheria ilibandikwa pale pembeni tangu mwanzo wa foleni, mimi ndo sikuisoma.

Tuliporudi nikakaa naye mezani, tukafungua YouTube tukaangalia video za kila chombo alichokuwa anakitaka, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja tukakiamulia palepale. Space Mountain, ile rola kosta ya gizani, hapana. Ule mbwa wa springi wa Toy Story, Slinky Dog Dash, hapana, akalia kidogo. Tiana's Bayou Adventure hapana mara mbili, inashuka ghafla halafu inalowesha. Kila tulipokata kimoja nikamwambia achague kingine cha kukaa nafasi yake, akachagua Dumbo, Peter Pan, ile nyumba ya mizimu ya Haunted Mansion, na boti ya it's a small world ambayo kusema kweli ni ya wadogo kuliko yeye ila kuna kiyoyozi. Tulivyofika kule hakulia hata mara moja mbele ya mlango, alikuwa anapita anasema "hii ni ya mwakani" kama mzee.

Sheria zenyewe zipo za aina mbili. Kuna urefu, hiyo haijali mkono, kwa mfano Space Mountain ni sentimita 112 na Slinky Dog ni 97, mpime kabla na viatu vyake. Halafu kuna kibao cha usalama mlangoni kwa kila chombo kinachotikisa, kinakwambia uwe na afya nzuri, usiwe na shida ya moyo, mgongo, shingo wala hali nyingine yoyote inayoweza kuzidishwa na chombo hicho. Mkono uliovunjika uko humo kwenye "hali nyingine", hata kama mfanyakazi hajakuzuia. Ukienda Universal, ile paki nyingine ya Orlando isiyo ya Disney, soma mwongozo wao wa vyombo mapema, wale wanaandika wazi kuhusu kushika, vyombo vingi vinataka mtu aweze kujishikilia mwenyewe muda wote.

Msitegemee ile huduma ya walemavu, DAS. Tangu 2024 wameibana, wameilenga hasa watu wenye hali kama usonji ambao foleni ya kawaida hawaiwezi, mkono wa plasta haumo. Kinachowafaa nyie ni Rider Switch, na ni bure: mzazi mmoja anabaki na mtoto asiyepanda, mwingine anapanda na yule mtoto mwingine, halafu mnabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kabla hamjaingia, sio mkishatoka.

Hata vile vya upole angalia anakaa upande gani. Kwenye vikombe vya kuzunguka watu wote wanasukumwa upande mmoja, ukimweka vibaya mdogo wake mwenye kilo 18 anakuja kulalia plasta. Toy Story Mania wanakaa kwenye kigari wanapiga shabaha kwa kuvuta kamba, lakini mkono mmoja unatakiwa uelekeze kile kibunduki na mwingine uvute, sasa mimi nikawa mwelekezaji yeye mvutaji, tukapata pointi za aibu ila alicheka sana.

Na Kilimanjaro Safaris pale Animal Kingdom, paki ya Disney yenye wanyama, mnaona jina ni la kwetu mnasema hiyo ni gari tu ya kuangalia wanyama. Ni lori la wazi na barabara wameitengeneza makusudi iwe na mashimo kama ile ya kwenda kwa babu yenu, linarusha kweli. Sisi tulimuuliza daktari kwa jina, akakubali, tukamkalisha katikati ya benchi, mkono juu ya begi lenye sweta. Kabla ya hapo mnapita Harambe, kijiji cha kubuni walichokijenga kwa mfano wa pwani yetu, Lamu hasa, vibao vya Kiswahili ukutani, mtoto akawa anawasomea Wazungu kwa sauti. Hiyo haikuhitaji mkono.

Maji. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo paliponitoa jasho. Plasta ya siku hizi ya faibaglasi kwa nje inavumilia maji, watu wanadanganyika hapo, ndani kwa kawaida kuna pamba na pamba ikilowa haikauki upesi, ngozi inavimba na kulainika na kunuka, mwisho unarudi hospitali kubadilishiwa. Ile ya zamani ya POP, ya jasi, ndo kabisa inageuka uji. Sasa Orlando kuanzia Juni mpaka Septemba mvua ya radi inapiga karibu kila mchana, yani jua kali saa nane, saa tisa gharika, na wakisikia radi vyombo vingi vya nje vinafungwa. Nunua kwenye duka la dawa ule mfuko wa mpira wa kuvaa juu ya plasta, ununue miwili, na mfuko wa plastiki na tepu uwe wa akiba kwenye begi. Lakini mfuko huo ni wa mvua na wa kuogea, usiufanye leseni ya bwawa la hoteli. Kali River Rapids, hapo jina linajitosheleza kwa Kiswahili, mnatoka mmelowa mpaka soksi. Kilichonikamata mimi ni kile nisichokitegemea, umetoka Dumbo umeridhika, hatua chache mbele kuna treni la sarakasi linarusha maji na watoto wote wapo chini yake wanapiga kelele, na wako anakuangalia. Nilikuwa nishamwambia habari za hilo treni nyumbani, akasimama pembeni akanyoosha mguu mmoja tu. Plasta ikilowa kidogo kausha kwa drayeri iliyowekwa kwenye upepo wa baridi, ule wa moto unaunguza ngozi humo ndani bila mtoto kujua inatoka wapi.

Joto nalo. Plasta ni kama umevaa koti mkono mmoja, jasho linashuka humo na muwasho unaanza, na mtoto akiwashwa atatafuta kijiti. Mwambie mapema hakuna kijiti, hakuna rula, hakuna mrija wa juisi, ukikwaruza ndani kidonda hakionekani. Sisi tuliingia asubuhi mlango unafunguliwa, saa sita tukaondoka kwenda kulala hoteli, tukarudi jua limepoa, na mchana ambao tulibaki tukajaza maonyesho ya ndani yenye kiyoyozi kama Festival of the Lion King. Kodisha au beba kigari cha kusukuma hata kama mtoto ana miaka 7 na anaona aibu. Sababu sio miguu, sababu ni umati, watu wazima wanapita na mabegi yao usawa kabisa wa kile kiwiko. Kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa 132, na vile vya kuvuta kama mkokoteni hawaruhusu.

Nguo: mikono mifupi na mipana, suruali ya lastiki. Mtoto anayetumia mkono wa kulia akafungwa huohuo wa kulia hawezi kufungua kifungo cha suruali, na utaligundua hilo chooni wakati amebanwa. Chakula chochote cha mkono mmoja, ila popcorn nilijuta, usiku hotelini anasema kuna kitu kinamchoma, kumulika na tochi ya simu naona punje imekaa pale kwenye ukingo, nikaitoa kwa ncha ya kidole, ingezama ningefanyaje. Tangu siku hiyo tukavuta ile soksi ya mkono ikafunika mdomo wa plasta wakati wa kula.

Halafu vidole. Kila tunapokaa namwambia "nichezeshee", anavichezesha vyote. Vikivimba, vikiwa vya baridi au vimepauka au rangi ya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua na dawa haisaidii, hiyo usisubiri kesho, plasta inabana damu, ni emajensi. Kwa vitu vidogo kila paki ya Disney ina kituo cha huduma ya kwanza chenye manesi, pale Magic Kingdom kipo mwisho wa Main Street mkono wa kushoto jirani na mgahawa wa Crystal Palace, unaweza kumlaza mtoto kidogo, kuomba barafu, hata dawa ya maumivu. Panadol yetu kule inaitwa Tylenol, ni dawa ileile, msimpe zote mbili mkidhani ni tofauti. Kwenye simu weka picha ya eksirei, karatasi ya hospitali, kadi ya bima na namba ya daktari wenu. Mnaotoka nyumbani Afrika msije bila bima ya safari, chumba cha dharura cha Marekani kinaweza kula nauli ya familia nzima kwa jioni moja.

Kwenye gari mkanda upite kifuani kama kawaida, kile kitambaa cha kuning'inizia mkono kisikae katikati kikaulegeza. Atlanta mpaka Orlando ni kama masaa saba, sisi tulisimama mara nne.

Na usidhani ukisubiri mpaka plasta itolewe ndo mambo yote wazi. Siku inatolewa mkono unakuwa mwembamba, mkavu, unaogopa kila kitu, na madaktari wengi wanataka wiki kadhaa tena bila michezo ya fujo, kwa hiyo uliza tarehe hiyo ya pili kabla hujanunua tiketi mpya.

Plasta yenyewe ina faida moja ambayo sikuifikiria mpaka dakika ya mwisho tukiwa maegesho. Marafiki zake wote walishaandika majina, bado kulikuwa na nafasi upande wa ndani, nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika namba yangu ya simu kubwa kabisa. Mdogo wake akaanza kulia anataka na yeye aandikiwe, bas ikabidi nimwandikie mkononi, jua la saa nne ishafutika kwa jasho, ya kaka yake ipo mpaka leo, plasta tumeihifadhi kwenye kabati na inanuka.